Dakika Kumi za Kabla ya Kwaya

Nianze na upumbavu wangu, maana nisipousema mimi, jirani yangu Mama Rukiya atawahi kuusema, na yeye huongeza chumvi. Niliwahi kutupa jina la mtu. Sikulipoteza wala sikuibiwa. Nilikaa kwenye kiti changu, chai mkononi, nikalikata kwa makusudi, nikaona nimefanya usafi, nikajipongeza.

Nyinyi vijana wa Carama, mtaa wetu hapa Bujumbura, mnanijua kama yule muzee wa antena, asiyetoka kwake hata mvua ya mawe ikipasua bati la jirani. Ni kweli. Wengine walisoma ili wasafiri. Mimi niliishia sekondari, nikatafuta kazi ambayo haitanifikisha hata kwenye kona ya barabara, na niliipata. Nilikuwa narekodi matangazo ya televisheni kwenye kompyuta, nayakata, nayasafisha, nawapa wenyewe. Sasa nimestaafu. Mnacheka, mnauliza mtu anayefanya kazi chumbani kwake anastaafu kutoka wapi. Nilistaafishwa na mgongo, na barua ya kuachishwa kazi niliandikiwa na macho.

Aliyenifundisha ni Fundi Saidi wa Buyenzi, Mungu amrehemu. Kwake nilijifunza magnetoskopi, zile mashine za kanda ambazo nyinyi mkiziona mnauliza kama ni tanuri ya mikate. Fundi Saidi alikuwa na sheria moja ambayo aliirudia kila asubuhi akifungua duka: usifute kitu cha mtu kabla hajakitazama mara mbili. Nilidhani ni uzee unaongea. Kanda zilipokufa, televisheni ikawa ya numeriki, yaani dijitali, nikanunua kijiti kidogo kama kidole gumba. Upande mmoja unachomeka kwenye kompyuta, upande mwingine unafunga waya wa antena, na picha zinaingia kwenye diski zenyewe kama maji kwenye pipa. Fundi Saidi alikuja kukiona, akakigeuza mkononi, akauliza kanda inaingilia wapi. Nilicheka. Nilijiona nimemshinda mwalimu wangu.

Watu walikuja kwa sababu walikuwa wanaonyeshwa. Kwaya ya parokia imepita, timu ya mtaa imepita sekunde chache, shemeji amehojiwa sokoni. Walikuwa wananipigia kelele pale getini kwamba leo wanapita kwa televisheni, niwashikie. Na kushika ni kazi, msidhani ni kubonyeza tu.

Kwanza, saa ya televisheni si saa ya ukutani. Kuna mkulima wa mchele wa Buterere alihojiwa kuhusu mafuriko. Akaniambia kipindi kinaanza saa moja kamili, nami nikaanza saa moja kamili kama Mzungu. Kituo kilikuwa kimewahi. Yule bwana alileta mke, watoto na mama mkwe, wakabanana kitandani kwangu, nikawasha, na walichoona ni mgongo wake akiondoka shambani. Mama mkwe alisema ni mgongo mzuri. Tangu siku hiyo nilianza dakika kumi kabla na kumaliza nusu saa baada. Diski ni ya kujazwa.

Pili, pokea jinsi inavyokuja. Msigeuze faili kuwa ya namna nyingine huku bado mnarekodi, eti iwe ndogo. Faili nyingi ndogo huandika orodha yake ya ndani mwishoni kabisa. Umeme ukikatika kabla ya mwisho, na nyinyi mnajua umeme wetu, unabaki na kitabu kilichogandishwa kwa gundi. Nilipoteza ngoma za saa nzima namna hiyo. Lakini ile inayotoka hewani yenyewe inakuja katika vipakiti vidogo, vyote ukubwa mmoja, baiti mia na themanini na nane, na kila kipakiti kinaanza na alama ileile. Umeme ukikatika umepoteza kile tu ambacho hakijafika. Shikeni hilo la vipakiti, litatufaa hapa mbele.

Tatu, msikate popote tu. Picha haziji zote nzima. Inakuja moja nzima, halafu zinafuata nyingi zinazosema tu ni nini kimebadilika. Ukikata katikati, mashine inaokota kichwa huku na kiwiliwili kule. Mimi nimewahi kumvisha sheikh jezi ya golikipa. Ilikuwa kwa kupepesa macho tu, lakini mwenyewe aliiona, na akarudisha nyuma aione tena.

Sasa usafi wangu. Nilikuwa na ugonjwa wa usafi. Matangazo ya sabuni nje, hali ya hewa nje, na yale matangazo ya vifo ambayo husomwa kabla ya vipindi, nje kabisa. Mnayajua: picha ya marehemu, sauti ya msomaji, ameacha mke fulani, watoto fulani na fulani, atazikwa mahali fulani, na mwishoni jina la aliyeleta tangazo. Mimi niliyaita takataka za kabla ya kwaya. Nilikata, nikawapa kwaya wimbo wao umeng'aa, na ile faili ya asili nikaifuta ili nipate nafasi ya mpira.

Hapo ndipo anaingia Consolata. Mnamjua, fundi wa nguo mwenye cherehani barazani karibu na bomba. Anaimba sauti ya pili kwenye ile kwaya ya parokia. Baba yake alikuwa mtu wa ofisi, ana nyumba Kinindo, ana mke na watoto watano huko. Consolata alizaliwa huku, na mama mwingine. Mzee yule hakumficha, alikuja kumuona, alimlipia shule, alimfundisha kuendesha baiskeli hapa hapa kwenye vumbi letu. Alipofariki, Consolata alizika na wenzake. Lakini siku za kuganduka zilipokaribia, ile sherehe ya kumaliza msiba ambapo familia inasimamisha watoto wa marehemu mbele ya watu wote, baba yake mdogo alimtumia habari kwamba asihangaike kuja. Marehemu kaka yake, alisema, alikuwa na watoto watano, na huyu wa Carama hakuna anayemjua.

Ukiachwa siku hiyo, umeachwa. Atakayekuuliza baadaye wewe ni wa nani, utamjibu nini? Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na jina la mama tu. Mama mwenyewe alikuwa ameshatangulia. Kituo cha televisheni walimwambia Consolata kwamba karatasi za matangazo hazikai, na kilichosomwa kimesomwa.

Akaja kwangu asubuhi moja na uso umekunjuka, kama mtu aliyekumbuka alipoweka ufunguo. Tangazo la kifo cha baba yake lilisomwa jioni ileile kwaya yao ilipoonyeshwa, kabla tu ya kwaya. Alilisikia kwa majirani kwa masikio yake. Watoto sita, yeye wa sita.

"Papa Jafari," aliniambia, "mi najua uko nayo. We unaanzaka mapema."

Nyinyi hamjawahi kuona mtu akikuamini kwa sababu ya kitu unachokifanya vizuri, wakati wewe peke yako unajua kwamba safari ile ulikifanya vibaya. Nilimpa kiti. Nilimpa chai. Niliongea habari za antena. Mwisho nilimwambia: nilikuwa nayo, nikaikata, nikaifuta, na juu yake nimerekodi mpira. Hakunitukana, na ningependa anitukane. Alikunywa chai yote, akarudisha kikombe jikoni mwenyewe, akaenda. Kutoka barazani kwake cherehani haikusikika mchana kutwa.

Mama Rukiya, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja na anasikia hata ninapogeuka kitandani, alikuja kuniuliza nimemfanya nini mtoto wa watu. Nikamweleza. Akaniuliza kama kufuta ni kama kuchoma. Nilianza kumjibu ndiyo, halafu nikakumbuka. Kufuta si kuchoma. Unapofuta, kompyuta haigusi kitu. Inapiga tu mstari juu ya jina kwenye orodha na kusema nafasi hii ni wazi. Kitu chenyewe kinabaki pale pale mpaka kingine kije kukikalia. Mpira ulikuwa umekalia, lakini je, umekalia pote?

Nilizima mashine palepale kwa kuchomoa waya. Hilo mliandike mahali: ukifuta kwa makosa, usiongeze hata barua moja kwenye diski ile. Niliitoa, nikaifunga kwenye kompyuta nyingine kama diski ya kusomwa tu, na nikaanza kuipekua tangu mwanzo, si kwa majina ya faili, bali kwa ile alama ya vipakiti. Programu inatembea juu ya diski kama mtu anayechambua mchele: hili ni jiwe, hili ni jiwe, hii punje. Ilichukua siku kadhaa. Umeme ulipokatika, iliacha, na uliporudi nilianza tena pale nilipokuwa nimeandika kwa kalamu. Consolata alihamishia kazi yake ya mkono barazani kwangu, akawa anashona vifungo na kutazama kwenye kioo ile namba ya programu inayopanda. Mara moja aliniuliza kama namba ikifika mwisho bila kitu nitamwambia ukweli. Nikamwambia nimeshamwambia ukweli mmoja na bado unaniuma, wa pili sitauogopa.

Habari hazikai Carama. Siku ya tatu gari jeupe lilisimama getini, akashuka yule baba mdogo wa Consolata mwenyewe, amevaa vizuri, na akapiga hodi kama muungwana. Consolata alikuwa amekwenda sokoni kutafuta uzi. Nilimkaribisha. Alinisifia parsela, yaani kiwanja changu, alinisifia maua, nami sina maua, ni mboga.

"Muzee wangu," alisema, "nasikia unatafuta kitu mu mashini. Iyo ni mambo ya familia. Ukiacha, hakuna mutu atakuuliza. Ukiendelea, kuna watu watataka kujua unarekodiaka televisheni kwa ruhusa ya nani."

Nisiwadanganye, nilitaka kukubali. Mimi ni mtu wa kiti, si mtu wa vita. Polisi wakija kwangu watanikuta na kandambili. Lakini kuna kitu nilikigundua. Huyu bwana hakuja kuniambia kwamba tangazo lile ni uongo. Alikuja kuniambia nisilitafute.

"Mi siendi popote," nilimjibu. "Wakinitaka, waambie niko kwa hiki kiti. Na ukienda, ufunge geti, kuku zitatoka."

Alifunga. Nilichukua muda mrefu kuinuka, lakini hilo hakuliona.

Siku ya tano punje zikaanza kuonekana. Vipande, kimoja cha sekunde mbili, kingine cha sabuni, kingine cha mchezaji akitema mate. Halafu sauti ya yule msomaji, Kirundi chake kile cha taratibu. Mpira ulikuwa umekula katikati ya picha. Marehemu alibaki jicho moja, sikio, na tai, mengine yote miraba ya kijani. Lakini sauti haitaki nafasi kubwa, na ilipona. Ameacha watoto. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sindano ya Consolata ilisimama. Wa tano. Kisha mkwaruzo mfupi, nikashika kichwa. Kisha: na Consolata. Likafuata kaburi, saa, na mwisho kabisa, tangazo limeletwa na mdogo wa marehemu, na jina lake kamili, yule yule wa gari jeupe.

Consolata hakulia. Aliniomba nirudishe, nikarudisha, akaniomba tena. Mama Rukiya upande wa pili wa ukuta aliacha kutwanga.

Ningeweza kumpa tangazo kwenye ufunguo wa kompyuta, yaani flashi, aende nao. Ndivyo nilivyotaka. Kinindo ni mbali, watu wa huko wana mageti marefu, na mimi sikuwa nimevuka mto Ntahangwa kwa miezi mingi. Lakini niliijua kazi yangu, na nilijua watakachosema. Nikamwambia nakwenda naye, na kompyuta inakwenda nzima. Aliifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga, tukaipakia kwenye taksi katikati yetu, na dereva akauliza kama inalia.

Kilikuwa kikao cha familia, wiki moja kabla ya kuganduka, sebuleni. Watu kumi hivi, soda mezani. Pembeni alikaa shangazi wa Consolata, dada mkubwa wa marehemu, mama mzee ambaye macho yake hayakuona tena. Alinishika mkono na kuupapasa ili ajue ni wa mtu gani. Niliunganisha kompyuta na televisheni yao kubwa. Tukasikiliza mpaka mwisho. Yule baba mdogo alikuwa wa kwanza kuongea, na alisema kile kile nilichokiogopa. Huyu mzee, alisema, kazi yake inajulikana mji mzima. Anakata, anaunga, anasafisha. Anayejua kutoa jina atashindwaje kuweka jina?

Wanangu, pale ndipo nilipoona kazi yangu yote imegeuka na kunitazama. Sifa niliyoijenga miaka na miaka ilikuwa ndiyo inayomzika yule binti. Nikasimama. Nilisema ndiyo, mimi ni mkataji, na tangazo hili nililikata na kulitupa kwa mikono yangu, kwa ujinga wangu, kila mtu Carama anajua. Kama ningetaka kutengeneza uongo ningetengeneza uongo msafi, mimi sijawahi kutoa kazi chafu namna hii, mtazameni marehemu ana jicho moja, naona haya. Kisha nikafungua ile faili mbichi mbele yao, nikawaonyesha saa ya kituo. Matangazo yote ya numeriki yanasafiri na saa yake ndani, siku na dakika, si mimi ninayeiandika. Kijana mmoja wa marehemu, anayesoma mambo ya kompyuta, alisogea, akatazama, akatikisa kichwa kukubali, akarudi kukaa. Baba mdogo akasema saa pia inaweza kubadilishwa.

Shangazi aliomba nirudie. Si picha, alisema, picha haimhusu. Sauti tu. Nikarudia. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akihesabu kwa vidole kwenye paja, na vilipofika sita alivikunja.

"Karatasi ni mi niliandikisha, we ukapeleka," alimwambia mdogo wake, bila kupandisha sauti. "Nilikutajia watoto sita. Televisheni imesoma sita. Leo wamekuwa watano. Huyo mumoja ulimuzika pamoja na baba yake?"

Hakuna aliyegusa soda. Yule bwana alitazama simu yake kama imeita, na haikuwa imeita. Shangazi alinyoosha mkono hewani, akauacha pale, mpaka Consolata akaelewa na kwenda kuushika.

Siku ya kuganduka nilikuwepo, kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, mgongo ukinilaani. Watoto wa marehemu waliitwa mbele, wakasimama sita. Wa mwisho alikuwa amevaa gauni alilolishona mwenyewe, na lilikuwa limekaa vizuri kuliko ya wote, hilo naweza kuapa. Nikarudi nyumbani kabla ya hotuba ya tatu.

Mnasema kila kitu kiko kwenye mtandao. Haya, litafuteni tangazo lile. Nendeni, nawasubiri. Lipo kwenye diski tatu ndani ya nyumba hii na si mahali pengine popote duniani. Tangu hapo sikati tena. Kila jioni kijiti kinashika yale matangazo ya vifo, naandika siku na majina kwenye daftari, na silifuti hata moja, mpira ukose nafasi. Wamekuja wengine kunibembeleza. Mmoja alitaka nitoe jina la mjane mdogo, mwingine alikuja na barua, mwingine na kuku. Wote niliwaonyesha geti. Kuku alirudi na mwenyewe.

Juzi nilikuwa namweleza Mama Rukiya hayo, kifua mbele, kwamba mimi niliyekuwa naogopa kuvuka mto sasa hakuna mtu Bujumbura anayeweza kunifanya nifute jina la mtoto wa mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akisafisha dagaa, na aliponijibu hakuinua macho:

"Consolata alikuwa na bahati, Jafari, alikukuta we ungali muzima. Siku ukikufa, hao vijana wa Carama watazifuta zote waweke mipira. Wafundishe sasa, ao nyamaza."